Kungoja Gizani: Safari ya Tromsø Kuitafuta Nuru ya Kaskazini

Hotuba kwa walimu wa jiografia na wanafunzi wao, Tanga

Bwana Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wangu mliohudhuria, nanyi wanafunzi mlioacha mpira wa Jumamosi mkaja kumsikiliza mzee: asalaam alaykum, na kwa jumla yenu, habari za asubuhi.

Nilifundisha jiografia kwa miaka 31, na kila mwaka, tulipofika kwenye mada ya angahewa, nilikutana na sentensi mbili fupi kuhusu nuru ya kaskazini, yaani ule mwanga wa rangi unaochezacheza angani usiku karibu na ncha ya dunia, na ambao chanzo chake ni jua. Nilizisoma kwa sauti, nikachora duara ubaoni kuonyesha ncha ya dunia, kisha nikaendelea na mada ya mvua, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitoka kwenye mtihani. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza iwapo mimi mwenyewe nimepata kuiona nuru hiyo, nami nikamwamuru aketi, kwa ukali ambao hakuustahili. Januari iliyopita, nikiwa na umri wa miaka 67, nilikwenda Norwei kumtembelea binti yangu, ambaye anafanya kazi ya uuguzi katika mji wa Tromsø, nikakaa huko wiki mbili. Bwana Mwenyekiti aliponiomba nije kuisimulia safari hiyo, nadhani alitarajia kwamba ningezungumza juu ya mwanga. Nitauzungumzia, lakini sehemu kubwa ya maneno yangu itahusu giza, kwa sababu mtu anayekwenda Aktiki, eneo la ncha ya kaskazini, wakati wa baridi kwa ajili ya nuru peke yake ameiweka fedha yake kwenye bahati nasibu, ilhali anayelifuata giza hulipata bila shaka yoyote, maana giza lile limewekwa na mwinamo wa dunia, wala halina habari na mawingu.

Tuanze na ramani, kama ilivyokuwa desturi yangu. Tanga ipo kwenye latitudo ya nyuzi 5 Kusini. Tromsø ipo nyuzi 69 na dakika 39 Kaskazini, kiasi cha kilomita 350 kupita Duara ya Aktiki, na sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya kisiwa kilichozungukwa na milima ya bara na ya visiwa vingine. Ni mji kamili, wenye wakazi karibu 80,000, chuo kikuu, hospitali kubwa na bandari. Bandari hiyo haigandi hata katikati ya Januari, kwa sababu mkondo wa maji ya uvuguvugu wa Atlantiki hupanda ukipita pwani yote ya Norwei, na ndiyo maana wastani wa joto la Januari pale mjini ni nyuzi tatu au nne tu chini ya sifuri. Ukiingia bara, ambako bahari haina mkono, mambo hubadilika: katika kijiji cha Karasjok, tarehe 1 Januari 1886, kilipimwa kipimo cha baridi kali kuliko chochote kilichowahi kurekodiwa Norwei, yaani nyuzi 51.4 chini ya sifuri. Wanafunzi wanaotaka mfano wa athari ya bahari katika tabianchi wasiutafute mbali zaidi ya hapo.

Masuala ya viza nitayapita haraka, kwa kuwa hayana utamu. Norwei si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo viza inayohitajika ni ya Schengen. Ada yake kwa mtu mzima imekuwa yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000. Maombi yanaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari, nami nawasihi mpeleke mapema. Andaeni taarifa za benki, barua ya mwenyeji, na moyo wa kuulizwa swali moja mara tatu.

Sasa nije kwenye giza lenyewe. Kuanzia tarehe 27 Novemba hadi 15 Januari jua halifiki kwenye upeo wa macho wa Tromsø, na kwa kuwa milima ya kusini huendelea kulificha, wakazi hulihesabu kuwa limerudi tarehe 21 Januari. Wengi wetu hudhani kwamba kipindi hicho ni usiku mweusi mfululizo, na mimi nilikuwa miongoni mwao, tena nilikuwa nikiwafundisha watoto hivyo. Ukweli ni kwamba jua linapokuwa chini kidogo tu ya upeo, mwanga wake huendelea kulifikia anga la juu. Mnamo saa nne asubuhi upande wa kusini huanza kupauka, saa sita mchana mstari wa rangi ya waridi huonekana nyuma ya milima, na theluji yote, ya barabarani, ya mapaani na ya vilimani, hugeuka kuwa ya samawati, rangi ambayo mimi niliwahi kuiona tu ndani ya maji ya kina nje ya mwamba wa matumbawe. Hali hiyo hudumu saa chache. Ikifika saa tisa alasiri giza limekwisha rudi, na watu wanatembea wakiwa wamening'iniza vipande vya plastiki vinavyoakisi taa za magari, ili madereva wasiwagonge. Mjukuu wangu wa miaka sita alinifungia changu mkononi siku ya kwanza, akanikataza kutoka bila hicho.

Hapo ndipo saa yangu iliponisumbua. Sisi Waswahili tunahesabu saa kutoka kwenye jua: linapochomoza siku inaanza, na baada ya saa moja kupita tunasema ni saa moja. Hesabu hiyo imetutosha kwa sababu tupo karibu na Ikweta, ambako macheo hayatofautiani sana mwaka mzima. Nilipokuwa nikimweleza mjukuu wangu mpango huo, mbele ya dirisha lenye giza totoro, wakati simu ikionyesha saa moja asubuhi, niligundua kwamba nilikuwa nimebeba saa ambayo mzizi wake umebaki nyumbani. Yeye amezoea saa za Kinorwei, ambazo huanza usiku wa manane na hazimtegemei yeyote. Akaniuliza, "Babu, kama jua halitoki, mnaanza kuhesabu kutoka wapi?" Nilimwambia nitamjibu baadaye.

Suala la sala lilikuwa zito zaidi, na nawashukuru vijana wa Kiislamu walioniandikia mapema wakitaka nilieleze. Wakati wa adhuhuri unaweza kujulikana, kwa sababu hata jua lililofichika hufikia kilele cha mzunguko wake. Lakini macheo na magharibi hayapo, na zile sala zinazofungamana nayo zinahitaji hesabu nyingine. Wanazuoni wameitegemea hadithi inayosimulia siku moja itakayokuwa ndefu kama mwaka, ambapo Mtume (S.A.W.) aliulizwa kama sala za siku moja zitatosha, akajibu kuwa hazitatosha, bali wakadirie. Kwa msingi huo, Waislamu wa kaskazini ya mbali hukadiria: wapo wanaofuata nyakati za Makka, na wapo wanaofuata nyakati za mji wa karibu wenye usiku na mchana unaotenganika. Nyumbani kwa binti yangu wanafuata Makka. Nikasali magharibi nikiwa natazama dirisha ambalo halikuwa limebadilika tangu alasiri, na sikuona kwamba sala yangu imepungua kitu, ila niliona kwa mara ya kwanza ni kiasi gani nilikuwa nimezoea kulitumia jua kama mwadhini.

Kuhusu mavazi, kosa langu lilianzia mjini Tanga, nilipojaza sanduku fulana nene za pamba. Pamba hunywa jasho na kulishikilia, na jasho likipoa mwilini linakuwa adui kuliko upepo wa nje. Wenyeji huvaa sufu nyembamba inayogusa ngozi, juu yake sufu nene, na juu kabisa koti lisilopitisha upepo, na viatu vyao huwa vikubwa kidogo ili hewa ikae kati ya soksi na ngozi ya kiatu, maana hewa iliyotulia ndiyo inayohifadhi joto. Haya niliambiwa na binti yangu, lakini sikuyasikia vizuri mpaka nilipoambiwa na dereva mmoja wa basi la mji, Mkongo wa Bukavu, mmoja kati ya wakimbizi wengi wa Kongo waliopokewa Norwei. Alinisikia nikizungumza na mjukuu wangu Kiswahili, akageuka akiwa kwenye kituo na kuvitazama viatu vyangu vya ngozi laini. "Papa, na hivi viatu utaanguka," akasema. "Theluji ya huku haiheshimu muzee." Hakuniamkia shikamoo, kwa kuwa kwao salamu hiyo haipo, lakini katika lile neno "papa" mlikuwa na heshima yote niliyoihitaji. Siku iliyofuata nilinunua meno ya chuma yanayofungwa chini ya viatu, ambayo wenyewe huyaita brodder, na katika muda wote uliobaki nilianguka mara moja tu, tena ndani ya duka.

Usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu theluji ilianguka bila kukoma. Hapa nataka kusahihisha jambo ambalo matangazo ya safari hizi yanalipotosha. Watalii wengi huwa na programu kwenye simu inayoonyesha namba ya Kp, kuanzia 0 hadi 9, inayopima msukosuko wa uga sumaku, yaani nguvu ya sumaku inayoizunguka dunia nzima, nao hukaa hotelini wakisubiri namba ipande. Kwa mtu aliyeko Uingereza au Ujerumani namba hiyo ina maana kubwa. Kwa mtu aliyeko Tromsø haina maana sana, kwa sababu mji upo chini ya ule ukanda wa mviringo ambao nuru huuzunguka karibu kila usiku, na hata Kp ya 1 au 2 inaweza kutosha. Kinachozuia ni mawingu. Nuru huwaka kilomita 100 na zaidi juu, mawingu yapo kilomita chache tu, na hakuna dhoruba ya jua itakayoyatoboa. Kwa hiyo mwongozaji hodari hatazami jua. Anatazama picha za setilaiti za mawingu, na kuendesha gari kuelekea kwenye tundu.

Usiku wa nne nililipia safari ya namna hiyo. Kampuni iliyoniuzia, ambayo sitaitaja, ilikuwa imeandika kwenye tangazo lake neno linalokaribia sana ahadi, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, ikaifuta ahadi hiyo. Nilikasirika nilipoisoma baadaye, lakini mwongozaji mwenyewe sina la kumlaumu. Alituendesha zaidi ya kilomita 100 hadi bonde la Skibotn, ambalo limekingwa na milima ya Lyngen. Pepo za baharini huangusha unyevu wao upande ule mwingine, na bonde linabaki kavu. Walimu mtaitambua mara moja: ni kivuli cha mvua, kile kile tunachokifundisha kwa mfano wa Usambara na nyika iliyo nyuma yake. Chuo kikuu cha Tromsø kimejenga kituo chake cha kuangalia anga huko kwa sababu hiyo hiyo. Tuliposhuka garini baridi ilikuwa nyuzi 22 chini ya sifuri, unyevu wa puani uliganda nilipovuta pumzi ya kwanza, na anga lilikuwa safi kutoka mlima hadi mlima.

Tulisimama pale kwa muda wa saa tatu, na nuru haikuja. Mama mmoja kutoka Hispania alilia, si kwa baridi, bali kwa sababu ilikuwa usiku wake wa mwisho. Mimi sikulia, na nitawaambia kwa nini. Kwa miaka 31 nilifundisha kwamba kimo cha Nyota ya Kaskazini juu ya upeo ni sawa na latitudo ya mtazamaji, na katika maisha yangu yote sikuwahi kuiona nyota hiyo, kwa kuwa kwetu, nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, imezama chini ya upeo na haipandi kamwe. Pale Skibotn ilikuwa juu karibu na utosi. Nilikumbuka kwamba ngumi iliyonyooshwa mbele ya jicho hufunika takriban nyuzi 10, nikaanza kupandisha ngumi juu ya ngumi kutoka mahali nilipokisia upeo upo nyuma ya mlima: moja, mbili, tatu, hadi nilipofika saba. Nyuzi 70. Vitabu vingesema 69 na kitu. Mwongozaji alinijia akadhani nimepatwa na maradhi ya baridi, mzee anayepiga hewa ngumi gizani peke yake, na ikabidi nimweleze kwa Kiingereza changu cha darasani kwamba nilikuwa nasahihisha mtihani wangu mwenyewe.

Usiku wa sita ndipo ilipokuja, nami sikuwa nimelipa chochote. Ilikuwa mnamo saa nne usiku. Binti yangu alikuwa amerudi kutoka kazini, akapiga simu akiwa bado nje, akasema, "Baba, shuka, vaa kila kitu, usiwashe taa." Tulitembea hadi Prestvannet, ziwa dogo lililo juu ya kile kisiwa, ambalo wakati huo lilikuwa limeganda na kufunikwa na theluji. Niliona utepe wa kijivu umekatiza kutoka mashariki kwenda magharibi, nikasema kwa masikitiko kwamba wingu limerudi. Binti yangu akacheka. "Hilo si wingu, baba. Angalia nyota." Nilitazama, na nyota zilikuwa zinaonekana ndani yake.

Hilo ni jambo ambalo picha haziwaambii. Jicho la binadamu gizani hutumia seli ambazo hazitambui rangi, na nuru ikiwa dhaifu tunaiona kijivu au nyeupe, wakati kamera iliyoachwa wazi kwa sekunde kumi hukusanya kijani tele. Watu wengi wamesimama chini ya nuru ya kaskazini bila kujua, wakarudi hotelini wakisema hawakuiona. Jicho linahitaji karibu nusu saa gizani kabla halijafikia uwezo wake, na kila anayewasha skrini ya simu anairudisha saa hiyo mwanzoni, yake na ya jirani zake. Nami niliambiwa niiweke simu mfuko wa ndani, karibu na kifua, kwa kuwa betri hudhoofika haraka katika baridi. Nikaiweka, na nikashukuru kuwa na kisingizio cha kutoitoa.

Baada ya robo saa hivi ule utepe ulianza kuwa na kingo. Kijani kilijitokeza taratibu, kijani cha majimaji, kama cha jani changa la mgomba linalopitwa na jua. Halafu, bila onyo, ukajikunja. Nguzo nyembamba za mwanga zilisimama ndani yake na kuanza kukimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine, ukingo wa chini ukashika rangi ya waridi, na anga lote juu ya vichwa vyetu likawa kama pazia linalotazamwa kutoka chini, pindo kwa pindo, likipepea kwa upepo ambao sisi hatukuusikia. Theluji ya ziwani ilipata rangi ya kijani. Niliweza kuuona uso wa binti yangu. Hapakuwa na sauti yoyote, na huo ukimya ndio ulionitia hofu, kwa sababu kitu kikubwa kiasi kile, kikienda kasi kiasi kile, mwili unatarajia kishindo. Ilidumu dakika chache, nadhani tano au sita, kisha ikasambaratika ikabaki mabaka yanayowaka na kuzimika. Nilisema subhanallah mara nyingi kuliko nilivyohesabu.

Mniruhusu sasa nirudi kuwa mwalimu. Jua hutoa bila kukoma upepo wa chembe zenye umeme, elektroni na protoni, unaosafiri kwa kasi ambayo mara nyingi ni kilomita 400 hivi kwa sekunde na zaidi, na kuifikia dunia baada ya siku mbili hadi nne. Uga sumaku wa dunia huukinga upepo huo, lakini hausalimiki: upande wa mchana hubanwa, na upande wa usiku huvutwa ukawa mrefu kama mkia wa kishada. Si kweli, kama nilivyokuwa nikichora ubaoni, kwamba chembe za jua humiminika moja kwa moja kupitia matundu ya kwenye ncha. Nishati hulimbikizwa katika mkia ule, na mistari ya uga inapokatika na kuungana upya, elektroni hurushwa kurudi duniani upande wa usiku, zikiifuata mistari hiyo hadi kwenye ukanda wa mviringo unaozunguka ncha ya sumaku. Huko zinagonga atomu za hewa nyembamba, nazo atomu hutoa mwanga, kwa kanuni ile ile inayowasha taa za neoni za madukani. Oksijeni kwenye kilomita 100 hadi 150 hutoa kijani. Oksijeni hiyo hiyo juu ya kilomita 200 hutoa nyekundu, kwa sababu atomu huhitaji karibu dakika mbili kuutoa mwanga mwekundu, na chini zaidi hewa ni nzito mno kiasi kwamba hugongwa na nyingine kabla muda huo haujatimia. Kijani hakihitaji hata sekunde moja. Waridi na zambarau za ukingoni ni kazi ya nitrojeni.

Aliyeanza kulielewa jambo hili alikuwa Mnorwei, Kristian Birkeland, aliyezaliwa mwaka 1867. Alichukua mpira wa metali wenye sumaku ndani yake, akauweka kwenye chombo cha kioo kilichoondolewa hewa, akaurushia miale ya elektroni, na mipete ya mwanga ikajitokeza kuzizunguka ncha za ule mpira. Mwaka 1899 alijenga kituo cha kuichunguza nuru juu ya mlima Haldde, karibu na mji wa Alta, kaskazini mwa Norwei, mita 900 hivi juu ya bahari, na kukaa huko majira ya baridi na wasaidizi wake, mmoja wao akafa kwa poromoko la theluji. Wanasayansi wakubwa wa nje hawakumwamini aliposema kwamba mikondo ya umeme hushuka kutoka angani hadi kwenye angahewa. Alifariki Tokyo mwaka 1917, na ilibidi zisubiriwe setilaiti za miaka ya 1960 na 1970 ndipo ikathibitika kwamba alikuwa na haki. Nchi yake iliweka sura yake kwenye noti ya kroner 200, kisha mwaka 2017 ikamwondoa ikaweka samaki aina ya chewa wa nchi baridi, jambo ambalo mvuvi wa Tanga atalielewa kuliko profesa. Mwenzake Carl Størmer alifanya kazi ninayoipenda zaidi: alipanga kamera katika vituo viwili vilivyounganishwa kwa simu, wakapiga picha kwa dakika ile ile, kisha kwa pembetatu tu, hesabu ya kidato cha pili, akapata kimo cha nuru. Mnaosema trigonometria haina matumizi mnisikie.

Hata hivyo wenyeji wa kaskazini hawakumsubiri Birkeland. Wasami, watu ambao nchi yao ya jadi imegawanywa na mipaka ya Norwei, Uswidi, Ufini na Urusi, na ambao wengi wetu huwajua tu kwa ufugaji wa reindia, wale wanyama wenye pembe za matawi wa nchi za baridi, huiita nuru hiyo guovssahas. Wazee wao waliwakataza watoto kuipigia mluzi au kuipungia mkono, wasije wakaiita ikashuka. Mama mmoja Msami aliyefanya kazi na binti yangu aliponieleza hayo, nilimwambia kwamba hata kwetu mtoto anayepiga mluzi usiku huonywa kuwa anaita nyoka. Alinyamaza kidogo, akasema kwamba huenda mabibi wote walikuwa na mkutano. Aliniambia pia, na hili aliniomba nilifikishe, kwamba watalii huvaa vazi lake la heshima wakapigwa picha kana kwamba ni vazi la maonyesho, na kwamba atakayekuja aulize kwanza.

Mtu akiniuliza aende lini, nitamjibu kwamba msimu huanza mwishoni mwa Septemba na kuisha mwishoni mwa Machi, kwamba misukosuko ya sumaku huwa mingi kidogo karibu na siku zenye usiku na mchana sawa, na kwamba madoa ya jua, ambayo ni alama ya jua kuchangamka na ambayo hupanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, yalifikia kipindi cha kilele mwaka 2024. Machi ina anga zuri na mchana wa kutosha kwa mambo mengine. Ningekuwa na akili ya kawaida ningekwenda Machi. Lakini mwenye kwenda Machi hataiona ile samawati ya saa sita mchana, wala hataijua siku niliyoiona mimi kabla ya kuondoka.

Tarehe 21 Januari maduka ya mikate ya Tromsø hujaa maandazi ya duara yanayoitwa ya jua, na shule huwatoa watoto nje. Nilikwenda na mjukuu wangu kilimani. Anga lilikuwa na mawingu membamba, na watu wazima walisimama wakiwa wameelekeza nyuso kusini, hawasemi, kama abiria wanaosubiri meli. Muda mfupi kabla ya saa sita mchana kipande chembamba cha jua kilitokeza katikati ya milima miwili, chekundu, kikakaa kidogo. Watoto walipiga kelele. Mjukuu wangu, akiwa na sukari ya andazi midomoni, alinivuta mkono wenye saa, akaitazama, akanitazama mimi.

"Babu," akasema, "kwa hiyo sasa ndiyo tuanze kuhesabu?"

Bwana Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali.